Mshono Ukifunga, Ugonjwa Haujaisha

Mgonjwa akirudi nyumbani salama kutoka chumba cha upasuaji, jamaa zake hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Majirani huja kumjulia hali, mzee wa boma huchagua mnyama wa kuchinja, na mshono ulio tumboni huonyeshwa kama hati ya ushindi. Kwa maradhi mengi furaha hiyo ina msingi, kwa kuwa kisu kikisha kuondoa kilichokuwa kibaya, mwili hujifunga na mtu hurudi kazini. Lakini upo ugonjwa mmoja, uwapatao hasa ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro na majirani zao wa Karatu, ambao haufuati kanuni hiyo. Ugonjwa huu unaweza kumrudia mtu siku ya kumi baada ya kupasuliwa, na unaweza kumrudia mwaka wa kumi.

Neno letu la leo ni hili: upasuaji wa vivimbe vya maji katika ini ni nusu ya matibabu. Nusu ya pili hufanyika nyumbani, katika zahanati ya kijiji na katika machinjio, na nusu hiyo ndiyo tunayoiacha bila mwenyewe.

MGENI AJENGAYE KATIKA INI

Madaktari huuita ugonjwa huu haidatidi. Chanzo chake ni tegu mdogo mno, asiyefikia urefu wa sentimita 1, aishiye katika matumbo ya mbwa. Mbwa mwenyewe haonekani kuugua. Hula, hubweka, hulinda zizi kama kawaida. Lakini mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi chake, yakaangukia majani, maji, manyoya ya mbwa, na mikono ya mtoto anayecheza naye. Kondoo, mbuzi au ng'ombe akila majani yale, yai huanguliwa tumboni mwake, mtoto wa tegu hupenya ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu hadi katika ini au mapafu, na huko hujenga mfuko uliojaa maji safi kama ya kisima. Mnyama huyo akichinjwa, na ini lile likatupiwa mbwa, mzunguko umetimia.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, akishika mahali pa kondoo. Yafaa tulifafanue jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kula ini lenye kivimbe. Huupata kwa kumeza mayai yatokayo kwa mbwa. Ini bovu humwambukiza mbwa. Mbwa ndiye humrudishia mtu. Kwa hiyo yule anayekataa kula ini lenye malengelenge, kisha akalitupa nje ya mlango ambako mbwa wanangoja, hajajiokoa. Ameuweka ugonjwa akiba.

Kivimbe hukua polepole, pengine sentimita 1 kwa mwaka, pengine zaidi, na mtu aweza kukaa nacho miaka mingi pasipo kujua. Katika kila wagonjwa 10, kama 7 huwa nacho katika ini, na wawili katika mapafu. Hujitambulisha tu kinapokuwa kikubwa: uzito chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa upande mmoja, chakula kukataa kukaa. Wengine macho hugeuka manjano kwa sababu kivimbe kimebana mifereji ya nyongo. Wengine hawajui lolote hadi siku wanapoanguka, au wanapopigwa teke na ng'ombe, kivimbe kikapasuka ndani.

Nchi ya Ngorongoro ina mambo yote ambayo tegu huyu anayataka. Mbwa ni wengi, kwa kuwa boma lisilo na mbwa ni boma la fisi na chui. Kondoo ni wengi, na wengi wao huchinjwa nyumbani wala si machinjioni. Maji ya kunawa huchotwa mbali. Tena nyanda za juu za kuizunguka kreta zina ubaridi na ukungu, na mayai ya tegu hustahimili baridi na unyevu kwa miezi, ingawa hufa upesi kwa ukavu na jua kali. Hapana laana wala uchawi katika jambo hili. Kuna mbwa, kondoo, ini lililotupwa, na mikono isiyonawiwa.

Wala si habari mpya. Katika miaka ya 1960 Padre Herbert Watschinger, kasisi na daktari kutoka Austria, alianzisha hospitali ya Wasso katika Loliondo, na yeye na wenzake wakakutana na vivimbe hivi juu ya meza ya upasuaji. Mwaka 1989 yeye pamoja na watafiti waliokuwa wamezoea kuuchunguza ugonjwa huu Turkana, nchini Kenya, walitangaza matokeo ya kuwapima Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania kwa mashine ya ultrasaundi. Walikuta karibu mtu 1 katika kila 100 ana kivimbe, na wengi wao walikuwa wanatembea na kuchunga bila habari. Baadaye wataalamu wetu wenyewe wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipitia kumbukumbu za Wasso za miaka 1990 hadi 2003, wakahesabu wagonjwa zaidi ya 150. Walipokagua wanyama waliochinjwa wilayani humo, walikuta vivimbe katika ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kondoo ndio waliozidi. Mwenye kusema kwamba hatukuambiwa, hasemi kweli.

KAZI YA KISU

Ili tuelewe kwa nini mgonjwa aliyepasuliwa aweza kurudi hospitali, hatuna budi kuelewa daktari anakutana na nini anapofungua tumbo. Uvimbe wa kawaida ni kipande cha nyama, hukatwa ukatolewa. Kivimbe cha haidatidi ni mfuko wa maji yaliyobanwa kwa nguvu, na ndani ya maji hayo huelea chembe ndogo ndogo kama mchanga. Kila chembe ni kichwa cha tegu, nacho chaweza kujenga kivimbe kipya popote kitakapoangukia. Mara nyingi ndani ya mfuko mkubwa hujaa mifuko midogo, mviringo na ang'avu kama zabibu katika kichala.

Kwa hiyo kosa la tone moja lina gharama. Maji hayo yakimwagika katika tumbo, huleta hatari mbili. Ya kwanza ni ya saa ile ile: mwili wa mgonjwa huweza kuyakataa kwa ghadhabu, shinikizo la damu likaanguka, pumzi ikafunga, na mtu akafa juu ya meza kabla ya kisu kumaliza kazi. Ya pili ni ya miaka ijayo: vichwa vya tegu hutapakaa juu ya utando wa tumbo, na baada ya miaka mtu aliyekuwa na kivimbe kimoja huja na vivimbe kumi.

Ndiyo maana daktari mpasuaji huzungushia ini vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, hunyonya maji ya kivimbe kwa sindano polepole, kisha hutia ndani dawa ya kuua vichwa vya tegu, mathalani maji ya chumvi ya asilimia 20, kabla ya kufungua mfuko na kuutoa. Hata hapo pana mtego mwingine. Ikiwa kivimbe kina tundu lililoungana na mifereji ya nyongo, dawa ile yaweza kuingia katika mifereji na kuiunguza hadi ikazibana moja kwa moja. Zamani madaktari walitumia formalini kwa kazi hiyo; waliiacha walipoona madhara yake.

Wakati mwingine daktari huweza kukitoa kivimbe chote pamoja na ukuta wake na sehemu ya ini. Upasuaji huo ni mkubwa na wataka hospitali kubwa, damu ya akiba na mikono iliyozoea. Mara nyingi katika nchi zetu hutolewa mfuko wa ndani tu, na ganda gumu la nje, ambalo ni ini lenyewe lililokakamaa, huachwa mahali pake. Hivyo mgonjwa huondoka na shimo katika ini. Ni shimo hilo, ndugu msomaji, linalozaa sehemu kubwa ya matatizo tunayotaka kuyasema.

YATOKEAYO BAADA YA MSHONO

La kwanza ni nyongo. Mifereji midogo iliyokuwa imebanwa na kivimbe hufunguka mara kivimbe kinapoondoka, na nyongo ikaanza kutiririkia katika lile shimo. Kwa sababu hiyo daktari huacha mpira mwembamba utokao ubavuni, na kila asubuhi muuguzi hupima kilichotoka na kutazama rangi yake. Maji mekundu kidogo yanayopungua ni habari njema. Maji ya kijani au ya manjano mazito yasiyokoma ni nyongo. Aghalabu tundu dogo hujiziba lenyewe kwa siku au majuma, mradi mpira ubaki na nyongo ipate njia ya kutoka. Likikataa kuziba, hutakiwa kifaa kinachopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mfereji wa nyongo ili kuufungua, na kifaa hicho kipo katika hospitali chache tu kubwa. Mgonjwa anayeng'oa mpira kwa kuona aibu, au anayeomba ruhusa kabla ya wakati ili awahi mifugo, huifungia nyongo ndani ya tumbo lake.

La pili ni usaha. Shimo lenye maji au nyongo iliyosimama ni nyumba nzuri kwa vijidudu. Homa hupanda jioni, baridi hutetemesha mwili, ubavu wa kulia huuma, bega la kulia nalo huweza kuuma ingawa halina jeraha. Hapo mtu asitazame mshono akasema, "Mbona nje pamekauka?" Ngozi huweza kuwa imepona vizuri sana wakati jipu linaiva chini yake.

La tatu ni manjano. Kijifuko kimoja au kipande cha utando kikibaki katika mfereji wa nyongo, hukaa kama kizibo katika shingo ya chupa. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai, kinyesi hupauka, na mwili huwasha. Huyu asipelekwe kwa mtu wa kumpa mizizi, wala asiambiwe angoje siku ya soko. Apelekwe hospitali siku ile ile.

La nne ndilo la siri zaidi, nalo ni kurudi kwa kivimbe. Kichwa kimoja cha tegu kilichosalia hakifanyi haraka. Huanza upya, kimya kimya, kama kilivyoanza mara ya kwanza. Mtu hunenepa, huoa, huzaa, hulima, na ndani ya ini lake kitu kinakua. Ndiyo maana wataalamu hutaka aliyepasuliwa apimwe kwa ultrasaundi mara kwa mara kwa miaka 5 na zaidi, ajapokuwa haumwi kitu. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa kuwa ini limeshikamana na matumbo kwa makovu. Kivimbe kilichogunduliwa kikiwa na ukubwa wa limau huhitaji vidonge. Kilekile kikiachwa hadi kifikie ukubwa wa nazi, huhitaji kisu.

DAWA NA SUBIRA

Vidonge vyenyewe ni albendazoli. Jina hili si geni kwa mzazi yeyote, kwa kuwa ndiyo dawa wapewayo watoto shuleni kwa minyoo. Hapa ndipo pana hatari ya kudanganyika. Kwa minyoo ya kawaida kidonge cha siku moja hutosha. Kwa haidatidi dawa hunywewa kila siku, mara mbili kwa siku. Huanzwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, na huendelea mwezi mmoja au zaidi baadaye, ili kuua kilichomwagika bila kuonekana. Mgonjwa anayetibiwa kwa vidonge peke yake huvinywa kwa miezi 3 hadi 6. Huzaa matunda mema ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta, na katika jambo hili mfugaji ana baraka ambayo watu wa mjini hawana: maziwa yasiyoenguliwa na samli vipo nyumbani kwake.

Lakini dawa hii si peremende. Huweza kulichosha ini na kupunguza chembe nyeupe za damu, na kwa hiyo damu ya mgonjwa hupimwa anapoendelea kuinywa. Mwanamke mwenye mimba changa haipaswi kupewa, na anayeitumia anapaswa kuambiwa ajikinge asishike mimba. Mambo haya yanahitaji mganga anayemjua mgonjwa wake kwa jina, anayejua amebakiza vidonge vingapi, na anayemtafuta asipokuja.

Tena ijulikane kwamba si kila kivimbe kinataka kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani limevigawa vivimbe katika madaraja kwa jinsi vionekanavyo katika ultrasaundi. Vidogo hutibiwa kwa vidonge. Vingine hutobolewa kwa sindano ndefu chini ya ultrasaundi, maji yakanyonywa, dawa ikatiwa na kunyonywa tena. Njia hiyo ilitangazwa na madaktari wa Tunisia, ndugu zetu Waafrika, mwaka 1986, na leo inafuatwa duniani. Vilivyokwisha kufa na kukakamaa kama chokaa huachwa, vikatazamwa tu. Kumpasua mtu mwenye kivimbe kilichokufa ni kumtia katika hatari zote tulizozitaja bila faida. Kwa hiyo mashine ya ultrasaundi, na mtu aliyefundishwa kuisoma, huokoa watu wawili: yule anayehitaji kisu, na yule asiyekihitaji.

NJIA YA KUTOKA KARATU

Sasa tuchukue mfano. Mama mmoja wa Nainokanoka, katika nyanda za juu za Ngorongoro, amepasuliwa. Tumbo limefungwa salama, mpira umetolewa, amepewa vidonge vya mwezi mmoja na kuambiwa arudi apimwe. Anashuka kwenye gari Karatu mjini, mahali pa mwisho penye magari mengi, maduka ya dawa na maabara. Kutoka hapo hana budi kungoja gari la kupanda hadi lango la Loduare, kuuzunguka ukingo wa kreta, kisha kushuka au kupanda tena hadi kwake. Nyumbani ana watoto, ndama na kuni. Mwezi mmoja ukitimia, vidonge vimekwisha. Je, atauza mbuzi ili apande gari kwenda kuambiwa kwamba hajambo?

Wengi hujibu swali hilo kwa kubaki nyumbani, nasi hatuna haki ya kuwaita wajinga. Mtu asiyeumwa hauzi mbuzi wake. Kosa liko katika mpango ambao humhesabu mgonjwa amepona siku anapotoka wodini, kisha ukamfuta katika daftari. Hospitali huandika kwamba amepasuliwa. Zahanati ya kijiji haiandiki kwamba amerudi. Akishikwa na homa juma la tatu, mganga wa zahanati asiyejua habari ya ini lake humpima malaria, na asipoikuta humpa dawa ya kutuliza maumivu. Muda unapita, na usaha hauna subira.

Mambo yanayotakiwa hapa si makubwa kupita uwezo wa taifa letu. Kwanza, kila mgonjwa aliyepasuliwa kivimbe atoke na karatasi ya Kiswahili fasaha inayosema amefanyiwa nini, ameachiwa shimo au la, anywe dawa gani hadi tarehe gani, na dalili zipi zimrudishe upesi: homa, manjano, maji kutoka katika kovu, maumivu ya ubavu, tumbo kujaa. Pili, jina lake lipelekwe katika zahanati iliyo karibu na kwake, na albendazoli ya miezi yote imngojee hapo, badala ya yeye kuifuata mjini. Tatu, ultrasaundi ya kuchukulika ipandishwe milimani kwa siku zinazojulikana. Wataalamu wa AMREF walifanya hivyo Turkana katika miaka ya 1980, wakiwapima watu huko huko kwao. Jambo lililowezekana katika jangwa lile miaka ile halishindikani Nainokanoka na Endulen leo. Nne, daftari limfuate mtu aendako. Tangu mwaka 2022 wako wananchi wa Ngorongoro waliohamia Msomera, wilayani Handeni. Kivimbe hakibaki nyuma mtu anapohama. Basi na kumbukumbu zake zisibaki.

Jambo la tano linahusu fedha. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha sheria hiyo hakitakuwa katika hospitali za mijini peke yake. Kitakuwa kwa mama yule wa Nainokanoka: kama atapata kipimo cha mwaka wa pili, wa tatu na wa tano bila kuuza mnyama, sheria imefika.

NA SISI WANACHAMA JE?

Tangu Uhuru Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika ugonjwa huu wote watatu wamekaa katika chungu kimoja. Mtu hujua mbwa wake lakini hajui tegu wa mbwa, huugua, naye akiugua huuza mifugo. Vita hii haiwezi kuachiwa madaktari wapasuaji, kwa maana wao hupambana na adui aliyekwisha kuingia nyumbani. Kazi ya kumzuia mlangoni ni yetu.

Wako watakaosema kwamba haiwezekani, kwamba mfugaji na mbwa wake hawatenganishwi. Hatuwaambii watenganishwe. Tuwaonyeshe Aislandi, kisiwa cha baridi cha Ulaya kaskazini, ambacho katika karne ya 19 kilikuwa miongoni mwa nchi zilizoteswa mno na ugonjwa huu. Watu wake walikuwa wafugaji wa kondoo, kila nyumba ina mbwa. Mwaka 1863 alifika huko mtaalamu wa Denmaki, Harald Krabbe, akapasua mbwa 100 na kuwakuta 28 wana tegu. Mwaka 1864 likatolewa andiko dogo la lugha nyepesi, likasambazwa nyumba kwa nyumba, likieleza ugonjwa unatoka wapi. Mwaka 1869 ikatungwa sheria ya kuwapa mbwa dawa na kuharibu viungo vyenye vivimbe. Hawakuwa na ultrasaundi, wala albendazoli, wala barabara njema. Walikuwa na andiko lile, na watu waliolisoma. Katika karne ya 20 ugonjwa ulitoweka kisiwani. New Zealand nayo, nchi ya kondoo wengi kuliko watu, ilijitangaza imeushinda mwaka 2002.

Basi kila mmoja ashike mahali pake. Wafanyakazi wa machinjio na wenye mabucha wa Karatu, ninyi mko katika mstari wa mbele. Ini na pafu lenye vivimbe lisitupwe, lisiuzwe kwa bei ya mbwa, wala lisiachwe kando ya ukuta hadi jioni. Lizikwe katika shimo refu lenye kifuniko, au lichomwe moto hadi liwe majivu. Machinjio yazungushiwe uzio usiopitisha mbwa. Wakaguzi wa nyama waandike walichokiona na kukipeleka kwa daktari wa mifugo na kwa daktari wa watu pia, kwa kuwa kondoo wa kijiji ndiye mjumbe wa ugonjwa wa kijiji hicho.

Mabwana mifugo wawape mbwa prazikwanteli, dawa ya kumtoa tegu. Tegu mchanga huanza kutoa mayai majuma 6 hivi baada ya kuingia katika mbwa, hivyo dawa ya mara moja kwa mwaka haitoshi. Yafaa irudiwe mara kadhaa kwa mwaka, na kinyesi kitokacho baada ya dawa kizikwe. Iko pia chanjo ya kuwakinga kondoo wenyewe, iliyotengenezwa na wataalamu wa Australia na New Zealand, na wizara yafaa iitazame kwa ajili ya wilaya kama hizi.

Viongozi wa mashina na matawi, pamoja na malaigwanani ambao neno lao lina uzito kuliko bango lolote, wafundishe kuchinja pasipo kumtupia mbwa matumbo mabichi. Mbwa apate haki yake, lakini iliyochemshwa. Walimu wafundishe watoto kunawa mikono baada ya kucheza na mbwa. Na pale kijijini alipo mtu aliyepasuliwa, balozi wa shina amjue, amkumbushe siku ya kipimo, na amtafutie nafasi katika gari liendalo Karatu. Madereva wa magari ya watalii hupita njia ile kila siku ya Mungu. Kiti kimoja kwa mgonjwa hakiwezi kuufilisi utalii.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha mara nyingi si mgonjwa, kwa maana yeye hajui alichonacho. Tunaoficha ni sisi tunaojua, tukanyamaza. Tunamwona mtu ametoka hospitali, tunamshika mkono, tunasema, "Pole, sasa umepona," kisha tunamwacha na shimo katika ini na vidonge vya mwezi mmoja. Tangu leo yafaa tumwulize maneno mengine: Vidonge vyako vimebaki vingapi? Utapimwa lini? Mbwa wa nyumbani kwako amekwisha pewa dawa? Maswali hayo matatu hayahitaji shahada wala fedha. Mwanachama yeyote aweza kuyauliza kesho asubuhi, na mahali yatakapoulizwa kila mwezi, wachache watahitaji kurudi chini ya kisu mara ya pili.